Kiko na Malio Yake: Ukusanyaji wa Viko katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

1.0 Utangulizi

Orodha za maneno ya Kiswahili cha Unguja zilizokusanywa na Edward Steere katika karne ya 19, na baadaye kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, zinakipa kiko cha maji nafasi ambayo vyombo vingi vya nyumbani havikupewa. Kichwa cha udongo kinachotiwa tumbaku huitwa bori. Mwanzi unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini ni digali. Chombo cha maji, ambacho aghalabu ni kibuyu kidogo au kifuu cha nazi, ndicho kiko hasa, na jina lake ndilo lililokuja kubeba chombo kizima. Mwanzi wa kuvutia moshi ni shilamu. Hatimaye, sauti ya maji yanapochemka kwa pumzi ya mvutaji nayo ina jina: malio ya kiko.

Kati ya mambo hayo matano, manne yanaweza kuwekwa kabatini. La tano haliwezekani. Malio hupatikana pale tu kiko kinapokuwa mikononi mwa watu, baina ya wanaojuana na wanaopokezana. Makala haya yanachunguza historia ya ukusanyaji wa viko katika eneo la Kolwezi na Lualaba, na yanadai kwamba mkusanyo wa mtu binafsi huwa na thamani ya kihistoria kwa kadiri unavyohifadhi lile lisilowekeka kabatini, yaani jina la chombo, mtengenezaji wake, mvutaji wake na jamii yake.

2.0 Njia mbili za moshi

Tumbaku ni mmea wa Amerika, nao ulifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za Atlantiki. Kwa hiyo kiko chochote cha tumbaku katika bonde la Lualaba hakiwezi kuwa na umri sawa na makaburi ya kale ya Sanga, kandokando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia 1957. Makaburi yale yana shaba na vyungu vya karne nyingi kabla ya tumbaku.

Hata hivyo, uvutaji wenyewe si lazima uwe umekuja na tumbaku. Katika pango la Lalibela nchini Ethiopia yalipatikana mabori ya viko vya maji ya karne ya 14, yenye mabaki ya bangi. Ushahidi huo umewafanya wanahistoria kutenganisha mambo mawili ambayo zamani yalichanganywa: mmea uliotoka magharibi na chombo cha maji ambacho huenda kilikwisha kujulikana mashariki.

Katanga ni mahali ambapo njia hizo mbili zilikutana. Kutoka upande wa Angola, wafanyabiashara wawili wa Kiafrika waliotumwa na Wareno, Pedro João Baptista na Amaro José, walianza safari yao mwaka 1802, wakapitia kwa Mwant Yav wa Walunda na kwa Kazembe, na kufika Tete 1811. Kutoka pwani ya mashariki walikuja wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Vernon Lovett Cameron alipofika kwa Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba, mwaka 1874, aliwakuta huko watu wa pande zote mbili: Juma Merikani, aliyetoka upande wa Unguja, na José Antonio Alvez, aliyetoka Bié.

Msamiati nao unashuhudia mkutano huo. Katika Kimbundu na lugha jirani za Angola tumbaku huitwa makanya. Katika Kibemba huitwa fwaka. Neno la Kiswahili, tumbaku, lina udugu na maneno ya Kihindi na Kiajemi, na hivyo linaelekeza kwenye Bahari ya Hindi. Mkusanyaji anayeuliza jina la kilichovutwa katika kiko anauliza pia njia ambayo kiko hicho kilipita.

3.0 Viko vinaondoka

Ukusanyaji wa viko kama burudani ya mtu binafsi ulistawi Ulaya katika karne ya 19. William Bragg, mhandisi wa Sheffield, alikusanya viko kwa maelfu kutoka mabara yote. Alfred Dunhill, mfanyabiashara wa tumbaku wa London, naye alikuwa mkusanyaji, na katika kitabu chake kuhusu viko, kilichotoka 1924, Afrika ilipewa nafasi kubwa. Wakusanyaji hao hawakuwa watu wa mzaha. Walipanga, walilinganisha na walichora. Walakini vitu vyao vilipita katika mikono mingi kabla ya kuwafikia, na katika kila mkono palipotea neno moja au mawili. Mwishowe kilichobaki kwenye kibandiko mara nyingi kilikuwa jina la nchi au la kabila.

Katika Kongo mwelekeo huo ulipewa nguvu na dola. Maonyesho ya Tervuren ya 1897 yalizaa makumbusho mwaka 1898, na jengo lake kubwa lilifunguliwa 1910. Wakati huo Katanga ilikuwa imekwisha kunyakuliwa: Msiri, mtawala wa Wayeke, aliuawa Bunkeya mwezi Desemba 1891. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na mji wa Kolwezi ulijengwa 1937. Reli ya Benguela, iliyounganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931, ilifungua njia fupi ya kuelekea Atlantiki. Shaba ilipita huko. Na haikuwa taabu kwa mtumishi wa kampuni aliyemaliza mkataba wake kufunga ndani ya sanduku lake kinyago, kigoda au kiko.

Kuondoka kwa vitu hivyo hakukuwa kwa namna moja. Vingine vilitwaliwa kwa nguvu, vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa kwa hiari kama zawadi. Tofauti hiyo ni nzito kisheria na kimaadili, lakini mara tu maandishi yanapokosekana, kiko kilichoporwa na kiko kilichotolewa zawadi hufanana kabisa. Ndiyo maana ukosefu wa kumbukumbu si dosari ya kitaalamu tu. Ni kinga ya aliyechukua kwa njia isiyo ya haki, na ni hasara ya aliyechukua kwa haki.

Mikusanyo ya kibinafsi iliyobaki Kolwezi yenyewe haikuwa salama. Mnamo Mei 1978, katika vita vya pili vya Shaba (jina la Kiswahili lililopewa mkoa wa Katanga kuanzia 1971 hadi 1997), mji ulitekwa na wapiganaji wa FNLC, kisha wanajeshi wa Ufaransa walishushwa kwa miavuli. Wengi walikufa, na wageni wengi waliondoka wakiziacha nyumba na vilivyomo. Katika miaka ya karibuni hatari imekuwa ya aina nyingine. Huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao mnamo 2014, na 2017 sehemu ya wakazi ilihamishwa. Kaya inapohama kwa haraka, hubeba godoro na sufuria. Kiko cha babu kilichopasuka hakihesabiwi.

4.0 Kujenga mkusanyo

Kutokana na historia hiyo yaweza kuelezwa mkusanyo wa viko unaofaa kwa mwalimu au mwanafunzi wa Lualaba leo. Hauhitaji kuwa mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini methali iliyo karibu zaidi na kazi hii ni ile isemayo mali bila daftari hupotea bila habari.

Mosi, daftari litangulie kabati. Kwa kila kiko ziandikwe habari za mahali kilipopatikana, tarehe, aliyekitoa na kwa masharti gani, na maneno yake mwenyewe kuhusu matumizi yake. Kolwezi ni mji wa Walunda, Wasanga, Waluba, Wachokwe na wengineo, waliokutana katika kambi za wafanyakazi na kuzungumza Kiswahili. Kwa hiyo kila sehemu ya kiko iandikwe kwa lugha ya mwenyewe na kwa Kiswahili cha mji, kisha ilinganishwe na bori, digali na shilamu za kamusi. Pale ambapo neno moja limesahauliwa, usahaulifu huo nao uandikwe, kwa kuwa ni habari ya kihistoria.

Pili, kiko kisisafishwe kupita kiasi. Masizi ndani ya bori ndiyo yanayoweza kuonyesha kama kilichovutwa ni tumbaku au bangi. Ufa uliofungwa kwa waya wa shaba, au misumari ya shaba nyeupe ya Ulaya ambayo mafundi wa Kichokwe walipenda kupambia vyombo vya wakubwa, huonyesha biashara na heshima. Mkusanyaji anayeng'arisha vyote hivyo hupata chombo kizuri na kupoteza shahidi.

Tatu, sheria iheshimiwe. Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu 1971, na kinachokusanywa kwa ajili ya elimu hakipaswi kuwa hatua ya kwanza ya kusafirishwa kwa magendo.

Starehe ya mkusanyo wa namna hii haitokani na kuvuta, kwa maana madhara ya tumbaku yanajulikana vya kutosha. Inatokana na kulinganisha: kuona jinsi kibuyu kimoja kilivyochongewa mwanzi mfupi wa msafiri na kingine mwanzi mrefu wa mtu aketiye barazani, kuhisi kwa kidole mahali ambapo meno ya mtu mmoja yalilika shilamu kwa miaka mingi. Inatokana zaidi na mazungumzo. Kiko kinapowekwa mbele ya wazee, huwa si kiko tena, bali ni swali kuhusu nani alitangulizwa kuvuta, nani hakuruhusiwa, na tumbaku ililimwa na nani.

5.0 Hitimisho

Mnamo Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ile ya Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyomo Tervuren. Katika hali hiyo, mjadala wa kurejesha vitu hauwezi kuachiwa mabalozi na wanasheria peke yao. Kitu kilichoondoka bila jina kitahitaji watu wanaoweza kukipa jina kitakaporudi, na watu hao wanazeeka sasa, katika mitaa ya Kolwezi, Bunkeya na kando ya Lualaba. Mkusanyo mdogo wa viko ishirini wenye daftari lililojaa unaweza kuwa ufunguo wa kusomea mamia ya viko vilivyo bubu katika makabati ya mbali. Chombo kinaweza kusubiri karne nzima katika ghala. Anayejua majina ya sehemu zake hawezi.