Marehemu Sam Ntiro: Kumbukumbu ya Mwalimu wa Sanaa na Lugha Inayoihifadhi

Historia ya uchoraji na uchongaji katika Afrika ya Mashariki huandikwa kwa kufuata kazi zilizobaki: picha zilizomo katika makumbusho na sanamu zilizosimama viwanjani. Utaratibu huo huwatendea haki wasanii, lakini huwapunja walimu. Kazi ya mwalimu haitundikwi ukutani. Huishi ndani ya wanafunzi wake, na hufifia kadiri wanavyopungua. Makala haya yanamkumbuka marehemu Sam Joseph Ntiro (1923–1993) kama mwalimu, na yanadai kwamba kumbukumbu yake ni suala la lugha kama ilivyo suala la sanaa.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro. Katika miaka ya 1940 alisoma Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kisha akafundisha hapohapo. Alikwenda kusoma Slade, London, akarejea Makerere kufundisha. Mwaka 1961 aliteuliwa kuwa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Baada ya ubalozi alishika dhamana ya utamaduni serikalini, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pamoja na Gregory Maloba wa Kenya, mchongaji wa Sanamu ya Uhuru ya Kampala ya mwaka 1962, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufundisha sanaa Makerere. Jambo hilo lilikuwa na uzito wake: kijana aliyetoka kijijini alimwona mbele ya darasa mtu aliyelelewa migombani, ambaye hakuona haya kuchora palizi, mavuno na harusi za kwao.

Shule aliyolelewa Ntiro ilijengwa juu ya usemi. Trowell hakupenda kuwawekea wanafunzi picha za Ulaya waziige. Aliwasimulia tukio kwa maneno, nao wakaliona akilini kabla ya kushika brashi. Kwa hiyo somo lilianza sikioni. Tunapotafuta chanzo cha picha za kizazi hicho, hatuna budi kuuliza mwalimu alisema nini, kwa lugha gani, na mwanafunzi aliyatafsirije maneno hayo moyoni. Lugha ya darasa ilikuwa Kiingereza. Mandhari yaliyokusudiwa yalikuwa na majina katika Kichaga, Kiganda, Kiluhya na Kiswahili.

Umbali huo unaonekana katika kazi ya Ntiro inayojulikana sana, ya mwaka 1956, iliyomo katika Museum of Modern Art jijini New York. Jina lake la Kiingereza husema kwamba wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mchaga huijua pombe ya sherehe kwa jina la mbege, iliyotengenezwa kwa ndizi na ulezi, nayo hubeba maana ya posa, upatanisho na heshima kwa wazee. Jina la Kiingereza limemweleza mgeni kilichomo chunguni; halikumweleza kwa nini kinabebwa. Iwapo jina la picha moja limepoteza kiasi hicho, masomo ya miaka mingi yamepoteza mangapi?

Swali hili lina muda wake. Mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka 20 darasani mwa Ntiro mwaka 1960 sasa amepita miaka 80. Wakati huohuo, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Somo la sanaa nalo litahitaji istilahi. Njia nyepesi ni kuchukua orodha ya Kiingereza na kutafuta visawe mezani. Njia iliyo bora ni kuwaendea wazee waliofundishwa na Ntiro na Maloba, kuwarekodi wakieleza kivuli, umbali, umbo na rangi kwa lugha wanazozimudu, na kuanzia hapo.

Tunapendekeza kwamba vyuo vikuu vya kanda hii, kwa ushirikiano na mabaraza ya Kiswahili, viifanye kazi hiyo kwa pamoja, kwa sababu wanafunzi hao wametawanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Picha za Mwalimu Ntiro zina watunzaji wake. Maneno yake hayana watunzaji wengine isipokuwa wazee hao.