Xiaobei au Sanyuanli: Makazi ya Wafanyabiashara wa Kiafrika Guangzhou

Dengfeng ni kata ya wilaya ya Yuexiu, kaskazini mwa mji wa kale wa Guangzhou. Waafrika wengi waliopita huko huiita Xiaobei, jina la lango dogo la kaskazini la ukuta wa mji, ukuta uliobomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Kilomita chache kuelekea kaskazini-magharibi, ng'ambo ya stesheni kuu ya reli, ipo Sanyuanli. Kwa karibu miaka ishirini, mfanyabiashara wa Kariakoo, Kampala au Lubumbashi aliyetaka kukaa Guangzhou zaidi ya siku za kununua mzigo alianza kwa kuchagua kati ya mitaa hiyo miwili.

Chimbuko la makazi hayo ni soko. Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, yalifanyika kwa miongo mitatu katika Barabara ya Liuhua, jirani na stesheni, kabla ya kuhamia Pazhou. Kando yake yalikua masoko ya jumla: nguo na saa Barabara ya Zhanxi, mikoba ya ngozi Sanyuanli. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 ulipoitikisa Thailand na Indonesia, Waafrika waliokuwa wakinunua bidhaa Bangkok na Jakarta walizifuata zinakotengenezwa. China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani, Desemba 2001, safari za kibiashara ziliongezeka.

Xiaobei ilikuwa na jengo la Tianxiu, maduka chini, ofisi na vyumba vya kuishi juu. Waarabu walitangulia kupanga humo na kufungua migahawa. Wakafuata watu wa Mali, Guinea na Kongo, Wasomali, na wanunuzi wa Afrika Mashariki. Nyuma ya jengo hilo kuna kijiji cha Dengfeng, kimoja kati ya vijiji 138 vilivyomezwa na mji wa Guangzhou. Serikali ilichukua mashamba, wanakijiji wakabakiwa na viwanja vya nyumba, na kila mmoja akapandisha ghorofa juu ya ghorofa ili apangishe. Wachina huziita nyumba za kupeana mikono, kwa kuwa mtu wa dirisha hili anaweza kumshika mkono jirani wa dirisha la pili. Vyumba vya chini huwashwa taa adhuhuri. Kichochoroni, katika Mtaa wa Baohan, Waislamu wa Kihui kutoka kaskazini-magharibi mwa China huvuta tambi kwa mikono na kuoka mikate ya duara, na mbele ya ofisi za kusafirisha mizigo marobota hufungwa kwa selotepu na kupimwa kwenye mizani hadi usiku.

Sanyuanli ilikuwa na sura nyingine. Wachina huikumbuka kwa wakulima wake waliowakabili wanajeshi wa Uingereza mwezi Mei 1841, wakati wa Vita vya Kasumba. Katika miaka ya 2000 ilikuwa hasa makazi ya Wanigeria, wengi wao Waigbo, na biashara yao ya nguo na viatu ilijikita kwenye soko la Canaan, Barabara ya Guangyuan. Lugha yao ilikuwa Kiingereza na Kiigbo, na Jumapili ilikuwa siku ya ibada. Xiaobei kulisikika zaidi Kifaransa, Kiarabu na Kilingala, na Kiswahili pia. Ijumaa watu walielekea msikiti wa Xianxian, Barabara ya Jiefang Kaskazini, penye kaburi ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa China ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Kwa Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, chakula cha halali na msikiti wa karibu vilitosha kumaliza shauri.

Kununua nyumba hakukuwa rahisi. Ardhi ya kijiji ni mali ya jumuiya ya wanakijiji, hivyo hata Mchina wa mkoa mwingine hapati hati halali ya nyumba ya Dengfeng. Kwa nyumba za kawaida za mjini, kanuni ya mwaka 2006 ilimtaka mgeni awe amefanya kazi au kusoma China kwa mwaka mmoja au zaidi. Mwenye viza fupi ya biashara alikuwa nje tayari. Alibaki kupanga, kwa desturi ya Guangzhou ya amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mkononi, kisha kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Mwenye nyumba aliyekataa usumbufu huo alimnyima chumba, na hapo ndipo dalali alipopata kazi yake.

Mzigo wa viza na vibali ulizidi ule wa kodi. Julai 2009 Waafrika waliandamana mbele ya kituo cha polisi, baada ya Mnigeria aliyekimbia ukaguzi wa viza kuruka kutoka ghorofani na kuumia. Sheria mpya ya uhamiaji ilianza kutumika Julai 2013, na ukaguzi mitaani ukakazwa. Tangu Novemba 2010 treni ya chini ya ardhi ilikuwa imeiunganisha Guangzhou na Foshan, na wengi wakavuka kwenda wilaya ya Nanhai huko Foshan, hasa Huangqi na kwingineko katika mji wa Dali. Vyumba vilikuwa vikubwa zaidi kwa kodi ndogo, na kwa muuza vifaa vya ujenzi ilikuwa jirani na bidhaa: alumini ya Dali, vigae vya Foshan, fanicha za Lecong. Aliyehamia huko na watoto alipata nafasi ambayo kijiji cha Dengfeng hakikuwahi kuwa nayo.

Aprili 2020, wakati wa UVIKO-19, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa kwenye vyumba na hoteli, wengine wakiwa wamelipa kodi kikamilifu, na wakalala nje. Ni ukurasa mchungu wa historia hii. Kwa takwimu za serikali ya jiji, Waafrika walikuwa 13,652 mwishoni mwa 2019, na 4,553 tu mwezi huo wa Aprili. China ilipofungua mipaka Januari 2023 wanunuzi walirudi, lakini wengi kwa siku chache za hotelini, na oda nyingine sasa huwekwa kwa WeChat kutoka Kariakoo huku wakala akikusanya mzigo ghalani.