Kinga ya ugonjwa wa usahaulifu uzeeni (Karagwe na Kyerwa)

Ugonjwa wa usahaulifu, au demensia, ni jina la pamoja la maradhi ya ubongo yanayomwondolea mtu kumbukumbu, lugha na uwezo wa kujihudumia. Maarufu zaidi ni Alzheimer. Unaofuata hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, aghalabu baada ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wanyambo, wenyeji wa pande zote mbili, wana chungu kimoja na desturi moja, hivyo wilaya hizi zinaelezwa hapa kwa pamoja.

Ushahidi wa Tanzania

Utafiti unaotegemewa zaidi nchini ulifanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010. Wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na takriban asilimia 6.4 walikadiriwa kuwa na ugonjwa huu. Kiwango hicho kinakaribiana na cha nchi tajiri, kwa hiyo dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu haina mashiko. Kilichoshtua zaidi ni presha: huko huko Hai, wazee karibu 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Hai ni nchi ya milima, migomba na kahawa kama Karagwe, na ndiyo maana matokeo yake yana uzito hapa.

Visababishi vinavyozuilika

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja visababishi 14: elimu haba, kupungua kusikia, kutoona vizuri bila matibabu, presha, kisukari, lehemu mbaya nyingi, unene uliopindukia, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, kuumia kichwa, sonona, upweke na hewa chafu. Kwa hesabu ya jopo hilo, karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa endapo vyote vingedhibitiwa.

Kwa mkulima wa Nkwenda (Kyerwa) au Kayanga (Karagwe), kutofanya mazoezi si tatizo kubwa; jembe na mlima vinatosha. Presha ndiyo adui mkuu, kwa kuwa haiumi. Mtu huishi nayo miaka ishirini, akaja kuijua siku mkono mmoja unapolegea. Kinachofuata kwa uzito ni elimu. Wengi wa wazee wa leo, hasa akina mama, walikulia kabla ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya 1970, na ubongo uliozoezwa kusoma tangu utotoni huhimili uharibifu kwa muda mrefu zaidi.

Rubisi, pombe ya ndizi mbivu na mtama, ni kinywaji cha heshima katika harusi na misiba. Madhara makubwa hutoka kwenye gongo inayokenekwa kutokana nayo. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huvutwa na bibi yule yule kila siku, maisha yake yote. Kutoona vizuri kunakoletwa na mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji mfupi.

Upweke una historia yake hapa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miongo iliyofuata wazee wengi walizika watoto wao wakabaki kulea wajukuu.

Lishe

Chakula cha asili cha Wanyambo ni ndizi na maharage, vilivyopikwa pamoja chunguni na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Mlo huu una sifa njema: potasiamu ya ndizi husaidia kushusha presha, na maharage yana nyuzinyuzi na folati. Upungufu wake ni vitamini B12, isiyopatikana ila kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Ikikosekana, huleta usahaulifu ambao unaweza kutibika ukiwahiwa. Dagaa wachache wanatosha kuleta nafuu. Mchicha, karanga, parachichi na senene wa msimu hukamilisha sahani. Mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, ulipunguza ndizi katika kaya nyingi.

Unene ulikuwa fahari katika ikulu ya Karagwe. Mpelelezi Mwingereza Speke, mgeni wa mfalme (Omukama) Rumanyika mwishoni mwa 1861, aliwakuta wake wa ukoo wa kifalme wakinyweshwa maziwa hadi kushindwa kusimama. Siku hizi hatari imehamia kwenye soda, mafuta ya kukaangia na chumvi inayoongezwa mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Katika mwongozo wake wa 2019, shirika hilo halikupendekeza vidonge vya vitamini B, vitamini E wala virutubisho mchanganyiko kwa ajili ya kukinga demensia. Anayeviuza kwa ahadi hiyo anamlia mzee fedha yake bure.

Imani

Mzee anayepotea njia ndani ya migomba aliyoipanda mwenyewe husemwa kuwa kazeeka, au karogwa. Kauli zote mbili humchelewesha kufika hospitali.

Huduma

Hospitali kongwe ni Nyakahanga (Karagwe) na Isingiro (Kyerwa). Shirika la Saidia Wazee Karagwe (SAWAKA) hushughulikia haki na ustawi wa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwenye mzazi wa umri huo ampeleke akapimwe presha hata kama halalamiki lolote.