Miti ya Embu na Dawa Zinazosakwa kwa Kompyuta

Msitu wa Kirimiri uko kilimani karibu na Runyenjes, katika ukanda wa barabara ya Embu kwenda Meru. Upande wa juu kuna mashamba ya chai na kahawa ya Waembu. Ukiteremka, unaingia nyika kavu ya Wambeere. Kila upande una miti yake na waganga wake, na watafiti walianza kuorodhesha dawa zao muda mrefu kabla kompyuta haijaingia katika kazi hii.

Mwaka 1976 John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1988 David Brokensha na Bernard Riley wakatoa juzuu mbili kuhusu Wambeere, ya pili ikieleza mimea na matumizi yake. Mwaka 2007 yakachapishwa mahojiano ambayo watafiti wa Kenya waliyafanya na waganga wa Embu na Mbeere.

Wakemia nao walikuwa kazini. Gome la mti wa muthiga, ambalo watu wa Mlima Kenya hulitafuna kutuliza kikohozi na maumivu ya jino, ni kali mno ulimini. Mwaka 1976 kundi la Isao Kubo na Koji Nakanishi, aliyehusiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, lilitangaza kwamba limepata katika miti ya jamii hiyo molekuli zinazowafanya viwavijeshi wakatae kula.

Kompyuta ilileta njia nyingine. Mwaka 1982 Irwin Kuntz na wenzake huko San Francisco walieleza programu inayochukua umbo la protini, ikapima jinsi molekuli inavyoweza kukaa katika kishimo chake. Kwa njia hiyo, badala ya kupima maelfu ya molekuli moja moja, maabara huanza na zile chache zenye dalili njema.

Kwa Afrika, kazi kubwa imefanywa na Fidele Ntie-Kang wa Cameroon na washirika wake. Mwaka 2013 walitoa AfroDb, mkusanyo wa molekuli za mimea ya tiba barani. Mwaka 2020 ukafuata wa Afrika Mashariki: molekuli 1,870 kutoka spishi takriban 300, zilizokusanywa kutoka maandishi ya kuanzia 1962 hadi 2019.

Kwa hiyo kompyuta inategemea yaliyokwisha kuandikwa. Mti ambao haujachambuliwa maabara haumo katika mikusanyo hiyo, hata kama kijiji kizima kinautumia. Alama ya juu ambayo programu huipa molekuli nayo ni kadirio tu. Lazima ifuatwe na majaribio ya seli, ya wanyama, kisha ya binadamu.

Zaidi ya hayo, si kila dawa hutokana na molekuli moja. Mti wa mwiria, ambao gome lake limetumika Ulaya tangu miaka ya 1960 kutibu uvimbe wa tezi dume, hutumiwa kama mchanganyiko wa viambato vingi. Gome lilichunwa kwa wingi, hadi mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES.

Si miti pekee inayohitaji ulinzi: mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii iombwe ridhaa na igawiwe faida kwa haki. Hifadhidata inayotaja mti wa Embu inapaswa kubeba pia kumbukumbu ya jamii iliyoeleza matumizi yake, ili dawa ikipatikana, Runyenjes isiachwe nje ya hesabu.