Zeze lilipanda ndege, ngoma je?

Wadau, ukiwa Buseresere na ngoma kubwa, barabarani hupati shida: konda anaifunga kwenye keria, mnapatana nauli, safari inaanza. Mwaka 2021 ATCL ilianza kutua hapo Chato, wilaya yetu hii hii. Lakini ndege ina mizani na vipimo.

Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki 2003, aliwapigia Wazungu zeze na ilimba huko huko kwao. Albamu yake Chibite ilitolewa Uingereza 1996. Zeze lina kibuyu, na kibuyu kikilaliwa na masanduku kinapasuka. Hata hivyo, zeze unaweza kulipakata. Marekani, kanuni ya 2015 inaruhusu ala ndogo kuingia na abiria nafasi ikiwepo. Wapiga selo, ile fidla kubwa, huikatia tiketi ya kiti chake.

Sasa ngoma kubwa za Kisukuma, kama zile za makumbusho ya Bujora, nani atazikatia kiti? Mimi naona dunia imezisikia zaidi ala zetu zinazobebeka. Mizigo nayo imechagua historia ya muziki wetu.

Mnasemaje wadau: ngoma ipunguzwe, au ikatiwe tiketi?