Mteja, Mtani na Ngoma: Historia ya Uponyaji Mkoani Morogoro

Katika ofisi nyingi za umma nchini utakuta ukutani Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Siku hizi tunalielewa neno hilo kuwa mnunuzi au mtu anayehitaji huduma. Hata hivyo, Kiswahili kinalo pia kwa maana ya zamani zaidi: mteja ni mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa mganga. Katika tiba za ngoma za pwani na bara yake ya karibu, mteja aliimbiwa, alichezewa, na aliposimama tena alikaribishwa kuwa miongoni mwa waimbaji.

Nimeanza na neno hili kwa sababu mjadala wa afya ya akili, ambao sasa umefika hata bungeni, unaendeshwa kana kwamba matumizi ya sanaa katika kumponya mtu ni jambo geni, lililoletwa na wafadhili pamoja na posho za warsha. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo kati ya sanaa na tiba nchini mwetu una tarehe, una sheria na una mafaili. Morogoro inatupa ushahidi mzuri wa hali ilivyokuwa kabla ya mgawanyo huo, na pia wa yale yaliyoendelea chini yake bila kuandikwa.

Tuanzie milimani. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, James Christensen, alichapisha makala kuhusu utani miongoni mwa Waluguru. Wengi wetu tunaujua utani kama mzaha wa makabila: Mzaramo na Mnyamwezi, na mengine tunayochekeana kwenye basi. Kwa Waluguru, ambao hufuata ukoo wa mama, utani uliunganisha pia ukoo na ukoo ndani ya kabila lenyewe, na ulibeba wajibu mzito kuliko mzaha. Wajibu huo ulionekana zaidi penye msiba. Mtani alikuwa na kazi yake katika mazishi, na kutofika kwake kulikuwa kasoro.

Hebu tuitazame kazi hiyo kama wanafunzi wa sanaa za maonyesho wanavyoitazama. Watu wamekaa chini, sauti zimekauka kwa kulia. Anaingia mtani. Anatembea kama marehemu alivyotembea, anakohoa alivyokohoa, pengine amevaa koti lake. Anadai deni ambalo halipo. Anazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Mjane aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi anacheka, kisha analia upya, na kilio hiki cha pili si sawa na kile cha kwanza. Hapa pana mwigizaji, pana vazi, pana hadhira, na pana kanuni inayomlinda kila mmoja: hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Aliyemkaribia sana marehemu hawezi kuifanya kazi hii, kwa kuwa naye anaumia. Mgeni kabisa hawezi, kwa kuwa hakumjua. Jamii ilitenga mtu wa katikati, ikampa ruhusa ya kuligusa jeraha.

Linganisha na neno tunalompa mfiwa leo, hasa akiwa mwanaume: jikaze. Sijui neno lililofanya madhara makubwa zaidi katika nyumba zetu. Mtani hakumwambia mtu ajikaze. Alimpa mahali pa kulegea, mbele ya watu, kwa muda uliojulikana, kisha shughuli ikaendelea.

Utani ni mlango mmoja. Ngoma ya tiba ni mwingine, na huu umeandikwa zaidi. Victor Turner alichunguza ngoma za mateso kwa Wandembu wa Zambia na kuchapisha kitabu chake mwaka 1968. Baadaye John Janzen alifanya utafiti katika miji kadhaa, ikiwemo Dar es Salaam, na kitabu chake cha 1992 kikabeba jina la Ngoma. Kilichomshangaza ni upana wa neno lenyewe: katika lugha nyingi za Kibantu, neno hilohilo au jirani yake hutaja chombo, mchezo, wimbo na shughuli ya uponyaji. Mzungumzaji wa Kiswahili hashangai. Tunasema "kuna ngoma leo" na hakuna anayeuliza kama tunakusudia pipa la mti na ngozi au mkesha mzima.

Katika utaratibu alioueleza Janzen, mateso ya mtu hupewa jina. Mgonjwa hutolewa katika upweke wa chumba na kuwekwa katikati ya watu wanaomwitikia. Wimbo humwezesha kusema kwa mafumbo yale ambayo angeyasema wazi angevunja nyumba: ugumba, mume, mkwe, mtoto aliyekufa. Na akipata nafuu hafungiwi mlango nyuma. Huingia katika jamii ya walioponywa, na kesho ndiye anayemwimbia mwingine. Hospitali zetu, pamoja na mema yake yote, zinajua kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, lakini hazina la kumpa baada ya hapo isipokuwa tarehe ya kurudi.

Nisieleweke vibaya. Sitetei matapeli wanaobandika namba za simu kwenye nguzo za umeme. Mtoto mwenye degedege anahitaji kipimo cha malaria, na mwenye kifafa anahitaji vidonge kila siku. Ngoma inayowachelewesha kufika zahanati ni hatari, na wapo waliokufa kwa sababu hiyo. Ninachouliza ni jambo jingine: kwa nini, katika kukataa yaliyo mabaya, tuliutupa utaratibu mzima?

Jibu liko katika historia ya utawala. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1880 walikuwa wamekwisha kujenga misheni Morogoro. Peter Pels, aliyeandika kwa kina juu ya wamisionari na Waluguru, anaonyesha kwamba uhusiano wao haukuwa wa amri upande mmoja na utii upande wa pili; palikuwa na mivutano na mapatano mengi, hasa kuhusu unyago. Lakini kwa ujumla ngoma ya usiku ilitazamwa kwa shaka. Kisha ikaja Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo bado imo katika vitabu vyetu vya sheria. Pamoja na mengine, sheria hiyo ilihusu vifaa vya uchawi. Fikiria mganga mwenye ngoma, vibuyu na manyanga mbele ya hakimu asiyejua lugha yake, halafu jiulize ni kifaa gani kingesalimika.

Uhuru ulileta nia njema. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ili kurudisha fahari iliyokuwa imedharauliwa. Ninaiheshimu hatua ile. Ila faili la ngoma lilipofunguliwa katika wizara hiyo, faili la afya lilibaki katika wizara nyingine, na mpaka leo hayajakutana. Ngoma ilipanda jukwaani. Ilipunguzwa ikawa ya dakika kumi, ikavalishwa sare, ikaondolewa mgonjwa. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, jambo jema sana, na mkazo wake ukawa kwenye mimea. Mwaka 2002 tukapata Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mzizi ukapata njia ya kufika maabara. Wimbo ulioimbwa wakati mzizi ukichemshwa ukaachwa nje.

Sasa tushuke bondeni, maana huko ndiko historia hii inapoonyesha kwamba hitaji halifutwi kwa kubadilisha faili. Katika tambarare zilizo chini ya Uluguru palikuwa na mashamba ya mkonge, na mkonge uliita manamba kutoka mbali. Watu hao walikuwa bila ukoo, bila watani, bila mjomba wa kuwazika. Terence Ranger alipoandika historia ya beni mwaka 1975 alionyesha kwamba vyama vya ngoma Afrika Mashariki vilikuwa pia vyama vya kusaidiana: wachezaji walichangiana katika ugonjwa na kuzikana. Mji wa Morogoro ukawa na bendi zake, Morogoro Jazz iliyoanza mwaka 1944 na Cuban Marimba ya Salum Abdallah iliyoanza mwaka 1948, na baadaye gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Wapo wanaoona muziki huo kuwa starehe tu. Mimi nasikia ndani yake mji uliojaa watu waliohama makwao.

Shamba mojawapo la mkonge lililoachwa ni Mazimbu. Baada ya maandamano ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya vijana walikimbia Afrika Kusini. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC ardhi hiyo, wakati Anna Abdallah akiwa Mkuu wa Mkoa, na mwaka uliofuata shule ikaanza. Iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Baadaye, kando ya barabara iendayo Dodoma, kikajengwa kituo kingine Dakawa.

Wanafunzi wangu wengi wanaijua Mazimbu kama kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wachache wanafikiria ni akili za namna gani zilizolala katika mabweni yale mwanzoni. Walikuwa vijana walioona wenzao wakipigwa risasi, walioondoka bila kuaga, wasioweza kuandika nyumbani kwa uhuru kwa kuhofia usalama wa wazazi. Wakifiwa na mama, hawangeweza kwenda kuzika. Kitabu cha Morrow, Maaba na Pulumani cha mwaka 2004 hakifichi hali hiyo: upweke, pombe, hofu ya majasusi, na wengine kuugua akili.

Jumuiya ile ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Ilijenga hospitali, kwa mshikamano wa watu wa Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1984. Na iliimba. Palikuwa na kwaya, mashairi, maigizo, ngoma za viatu vya migodini, kumbukumbu ya kila 16 Juni, na nyimbo makaburini kwa waliofia ugenini. Makaburi hayo yapo Mazimbu mpaka leo. Dakawa pakawa na karakana ya sanaa na ufundi, na wahamishwa waliporejea kwao kazi hiyo ilihamia Grahamstown, ambako leo ni Makhanda. Hati za wafadhili huitaja karakana kama hiyo kuwa mafunzo ya stadi. Sina ubishi, lakini kijana asiyelala usiku akipewa kitambaa, rangi na mwenzake wa kukaa naye mezani anapata zaidi ya stadi.

Kuna jambo dogo ambalo hunigusa kila ninapopita pale. Wimbo wa Enoch Sontonga, Nkosi Sikelel' iAfrika, ndio uliotupatia sauti ya Mungu Ibariki Afrika. Mkimbizi kutoka Soweto aliyefika Morogoro bila neno moja la Kiswahili aliwasikia watoto wa shule wakiimba wimbo aliouacha kwao. Sidhani kama kuna mapokezi ambayo wizara yoyote ingeweza kuyapanga yakafikia hapo.

Lakini sanaa ya Mazimbu ilikuwa na mpaka wake, nao unatufundisha. Ilikuwa chini ya nidhamu ya mapambano. Wimbo wa mapambano humsimamisha mtu. Si kila mara humruhusu kulia. Aliyekata tamaa angeweza kuonekana msaliti. Uluguru mtani alipewa ruhusa ya kumchekea hata maiti. Kambini sijaona aliyepewa ruhusa kama hiyo kuhusu mashujaa. Taasisi yoyote inayoajiri sanaa kwa ajili ya afya inapaswa kujiuliza kama imekubali kusikia wimbo isioupenda.

Swali hilo ndilo lililokuwa kiini cha kazi ya Penina Muhando Mlama, mzaliwa wa Berega katika mkoa huuhuu, ambaye utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu sanaa za jadi za Wakaguru kama chombo cha malezi. Mwaka 1986 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo Mkambalani, kijiji kilicho jirani na mji wa Morogoro. Katika mbinu yao, wanakijiji hutaja matatizo wenyewe, huyaigiza kwa ngoma na hadithi zao, kisha hubishana. Haikuwa kupeleka ujumbe wa Wizara ukiwa umefungwa katika mchezo wa kuigiza.

Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 na kuona kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi, kuyatibu na kumsaidia anayeishi nayo. Baada ya hapo, naona maandiko ya miradi yakianza kutaja "tiba kwa sanaa" kama ugunduzi. Naipokea ripoti hiyo kwa furaha, maana mhasibu wa halmashauri huheshimu namba. Ningependa tu mhasibu huyohuyo ajue kwamba anayo idara ya utamaduni inayovifahamu vikundi vya ngoma vya wilaya yake, na kwamba vikundi hivyo huitwa mara nyingi kusimama juani saa tatu vikimsubiri mgeni rasmi, vicheze kabla ya hotuba, vipewe soda na nauli. Hatua chache kutoka hapo, katika jengo hilohilo, yuko mratibu wa afya ya akili. Ningeanza kwa kuwaomba maofisa hao wawili waketi meza moja, na ningemwita mtani mmoja mzee kutoka Matombo aje awaeleze jinsi kazi yake inavyofanywa.