Afisa wa watoto (Mvita, Mombasa)

Afisa wa watoto ni mtumishi wa serikali ya kitaifa anayeangalia haki na usalama wa watoto katika kaunti ndogo. Aliye Mvita, yaani Kisiwa cha Mombasa pamoja na Mji wa Kale, huwajibika kwa Idara ya Huduma za Watoto.

Majukumu yake yamo katika Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001: kumwokoa mtoto aliye hatarini, kuiandikia mahakama ripoti ya hali ya familia, kukagua makao ya watoto. Sheria hiyo ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Ilitambua pia kafaala, malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu (si kafala ya ajira za Ghuba), jambo zito kwa Mji wa Kale. Ila kila kifungu kipya ni faili jingine kwenye meza ileile.

Anayeingia kazini akitarajia uokoaji hukuta matunzo: baba kaacha kutoa posho, mama kaja kushtaki, wazee wa pande zote mbili wamejaa ofisini. Talaka iko kwa Kadhi, shauri la mtoto liko Mahakama ya Tononoka, na mtoto aliyewekwa rumande yuko Likoni, ng'ambo ya feri. Visa vizito, hasa vya unajisi, mara nyingi havimfikii. Jamaa huvimaliza nyumbani kwa jina la sitara. Akishikilia kwamba kesi iende polisi, huitwa mvunja nyumba za watu, na kesho yake atamhitaji mzee wa mtaa yuleyule.

Kazi ya namna hii huchosha watu kwingine pia. Marekani, ripoti ya ukaguzi ya Bunge ya 2003 ilikadiria kuwa asilimia 30 hadi 40 ya wafanyakazi wa ustawi wa watoto walikuwa wakiondoka kila mwaka. Baadhi ya majimbo huwaonyesha waombaji filamu ya kazi ilivyo hasa kabla ya kuwaajiri. Kenya ajira ya serikali ina pensheni, hivyo aliyechoka huelekea kuomba uhamisho au kuvutwa na shirika lisilo la kiserikali, akaondoka na ujuzi wake wa familia za mtaa. Ujuzi unaobaki mtaani ni wa wajitolea wa ulinzi wa mtoto. Hao hawana mshahara wala pensheni ya kuwashikilia, na wakichoka huacha tu kuja.